Kamba Kwenye Magadi

Jumapili, 1 Oktoba 1911

Nina hasira mpaka kanisani sikuimba. Naandika Kiswahili kwa kuwa nyumbani humu anayekisoma ni mimi na mume wangu tu, na Gidion hathubutu kugusa daftari langu.

Bwana Sululu amefunga bonde! Jina lake la Kijerumani halitamkiki. Sisi tunamwita Sululu, maana popote alipo kuna watu wanachimba. Amezungusha kamba na vigingi bonde zima la magadi, kule chini upande wa Ngare Nanyuki, akasimamisha na askari. Ng'ombe wamerudishwa bila kulamba. Magadi yanatiwa magunia, yanapakiwa kwenye magari ya maksai, yanapelekwa kwenye reli. Magadi yetu! Ng'ombe asiyelamba anakonda, maziwa yanakatika. Kila mtoto wa Meru anajua hilo. Wakubwa wa serikali kule Boma hawajui? Wanajua sana.

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimetoka kwa baba. Nimechoka kulia.

Baba yangu, mzee Sumari, ndiye mlinzi wa magadi, kama babu kabla yake. Bonde si lake. Kazi yake ni kupokea. Anayetaka kulambisha ng'ombe anakuja na jani la isale, yale majani tunayopanda mipakani. Anamnyooshea baba, baba analipokea, basi, peleka ng'ombe zako. Mwenye isale mkononi hanyimwi. Hata Waarusha, miaka ile ya kunyang'anyana mifugo, walikuja na jani, wakalambisha, wakaenda zao. Kesho yake vita vikaendelea.

Kumbe Sululu naye alikuja na jani! Wakati wa baridi. Baba akapokea. Alidhani ni kwa ajili ya maksai wake wa magari, walambe waondoke. Sasa Sululu amekwenda kusema Boma kwamba mzee mwenyewe alimpa bonde, tena mbele ya watu. Nani alimfundisha yule mtu habari za isale? Nikimjua!

Alhamisi, 5 Oktoba

Shauri la bonde limekwisha. Arusha, Boma, asubuhi.

Njia nzima nilimsihi baba: sema hukumpa. Neno moja tu! Mkalimani akauliza, ulimpa au hukumpa? Baba akasema, nilimpa. Akataka kuendelea, nilimpa kulambisha kama ninavyompa kila mtu — wakamwambia imetosha, shauri lingine lije. Imetosha! Hakuna aliyeuliza alimpa nini. Hakuna aliyeuliza kama bonde ni lake la kumpa mtu.

Nje nilimfokea baba. Mimi, binti yake, watu wakitazama. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, Lydia, nikikana jani nililolipokea, nani atakuja tena kwangu na jani? Nikamjibu kwamba hakuna atakayekuja tena, maana bonde halipo. Nilitangulia mbele peke yangu mpaka mlimani.

Ijumaa, 6 Oktoba

Ndama wa Namelok amekufa. Namelok ni ng'ombe niliyepewa na mama nilipoolewa. Chuchu zimekauka kabisa. Gidion anasema tumwachie Mungu. Nikamwambia Mungu hakufunga kamba.

Sikwenda kumwamkia baba.

Jumatatu, 9 Oktoba

Ama baba ana akili kutuzidi sote, ama amechanganyikiwa.

Anasema hivi: mlinzi wa magadi akiombwa kwa jani hawezi kukataa. Boma limesema bonde ni la Sululu? Vizuri. Basi mlinzi sasa ni Sululu. Kesho tutakwenda kumwomba. Nilipoletewa habari hizi nilicheka kicheko kibaya, Gidion akaogopa. Lakini baba ametuma watu mlima mzima, na kwa Waarusha pia. Mzee Lomayani wa kule amejibu kwamba ataleta ng'ombe wa ukoo wote.

Mimi nitampeleka Namelok. Sitaki kukaa nyumbani na hasira hii.

Jumanne, 10 Oktoba

Naandika nimekaa juu ya jiwe, kamba ya Namelok nimeizungushia kiunoni. Ng'ombe wamejaa mpaka vumbi limeficha mlima. Wameru huku, Waarusha kule. Hakuna mkuki hata mmoja, baba amekataza. Kila mkono una isale.

Baba alikwenda mpaka kwenye kamba ya Sululu, akamnyooshea jani. Sululu akacheka. Akatazama ng'ombe, akaacha kucheka. Akasema na mpishi wake, mpishi akatutafsiria: ng'ombe wa kwanza kuvuka atapigwa risasi. Mpishi ni mtu wa huku huku kwetu! Hakuweza kumtazama baba usoni. Sasa najua nani alifundisha.

 Baba ameketi chini, mkono bado umenyooka. Sululu ameingia hemani. Jani limeanza kunyauka kwa jua na baba haushushi mkono wake. Askari wameshika bunduki, mmoja anajifuta jasho kila mara.

Nilimfuata pale chini. Shikamoo, baba. Akasema marahaba, Lydia, wazuieni ng'ombe tu, wasivuke mpaka anijibu.

Tunawazuia. Tunashika pembe, tunashika mikia, wanawake wanawaimbia. Mpaka sasa wametulia kwa sababu upepo ulikuwa unatoka kwetu. Umegeuka. Sasa unatoka bondeni, nausikia ukali wa magadi puani mwangu mwenyewe. Namelok ameinua kichwa. Wote wameinua vichwa. Baba hageuki nyuma, haoni. Kamba inanivuta, siwezi kuandika na —