Kona ya Kushoto, Baada ya Mteremko

Jumatatu, 8 Septemba 1997

Kraaa — halafu kimya kidogo, kama mtu aliyejikwaa akajishika ukutani. Nimerudi Ilala, nimeoga, nimekula, sauti bado ipo. Imetoka kwenye runinga ya Mzee Devendra, ghorofani juu ya duka lake la spea ninakouza. Mpwa wake Urvish amekuja kutoka Ubelgiji na kanda ya video. Siku za kazi anauza vigae huko, Jumapili anashindana na magari. Tuliitwa wote tukaone. Mteja mmoja akatufuata na pampu ya maji mkononi.

Mashindano ya ajabu. Magari ya fahari, milango miwili, lakini wanaoendesha ni daktari wa meno, mwenye hoteli, muuza vigae. Hawalipwi — wanalipa wao. Ridhaa, kama ndondi za ridhaa. Na kila gari lina madereva wawili: mmoja wa ridhaa, mmoja wa kulipwa. Nusu saa huyu, wanasimama, wanapokezana, nusu saa yule. Gari lilelile.

Mteja akauliza, yaani mtu anatoa hela yake ili atoke jasho? Urvish akamjibu, mbona wewe unalipa kiingilio uwanjani na unarudi umenuna. Tukacheka.

Kisha akasema jambo ambalo hakulichekea. Giaboksi inampigia kelele, fundi ameifungua mara tatu, bado. Akirudi Jumatano ijayo ataweka fundi mwingine.

Fundi wake wa sasa ni kaka yangu, Abdulmajid.

"Dada Zamzam," Urvish akaniambia, "usinielewe vibaya. Majidi ni mtu mzuri." Mzee Devendra akajifanya anatafuta rimoti.

Kibali cha Majidi cha kuishi kule ni cha kazi hiyo. Amebakiza mwaka mmoja shule ya ufundi ya jioni. Kazi ikiisha, anarudishwa. Shule basi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepita gereji kwa baba, mtaa wa Gerezani. Ncha ya bisibisi kwenye injini, sikio kwenye mpini. Aliisikiliza injini mpaka akaridhika, ndipo akanisikiliza mimi.

Giaboksi mara tatu? Majidi? Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama ubovu unaweza kusikika kupitia runinga. Akasema sauti ni sauti.

Jumatano, 10 Septemba

Saa ya chakula nimepanda ghorofani. Mama Kamla, mke wa Mzee Devendra, alikuwa anachambua choroko. Akaniachia deki ya video. Yeye magari yale yanampa kizunguzungu.

Kamera iko ndani ya gari, nyuma ya dereva. Urvish ndiye anayeanza. Kona ya kushoto, baada ya mteremko mrefu: kraaa. Mzunguko wa pili, palepale. Kumi na tatu yote. Akaingia yule wa kulipwa. Mteremko uleule, kona ileile — sauti imenyooka kama uzi. Mizunguko minne bila kelele hata moja. Umeme ukakatika. Mgao.

Lakini giaboksi ni ileile!

Alhamisi, 11 Septemba

Nimerudi na saa ya mkononi, kalamu, karatasi. Wa kulipwa: mizunguko kumi na minne, kimya. Urvish anaachia mafuta juu kabisa ya mteremko, mapema mno, kisha anajiona amechelewa, anapachika gia kwa pupa. Ndiyo ile kelele. Anapoteza sekunde mbili na nusu kila akipita. Kona ya kulia, ambayo naiona ni kali zaidi, anaipita vizuri sana. Kwa nini hii tu?

Nimekutana naye kwenye ngazi. "Kaka Urvish, ile kona ya kushoto ikoje?"

"Ya kawaida tu." Haraka. Na mkono wake ukapanda begani.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimetafuta barua ya Majidi ya Juni. Niliisoma wakati ule bila kuielewa: "Bosi alipinduka mwezi wa nne, kwenye kona ya kushoto. Aliteguka bega tu. Tangu hapo giaboksi inalia. Nimemwambia imechoka. Mwambie baba sijasahau adabu."

Adabu hiyo Gerezani nzima inaijua. Mwenye gari haambiwi kosa la mguu wake. Akiunguza klachi mwenyewe, unamwambia klachi ilikuwa ya bandia. Heshima yake inabaki, na kesho anarudi kwako. Nimesomeshwa mpaka kidato cha sita kwa adabu hiyo.

Ila hapa wenye magari wanajua. Wanaitikia tu, "kweli bwana, spea za siku hizi", na wanapunguza mguu. Urvish aliondoka Kariakoo akiwa mdogo. Yeye ameamini! Na giaboksi iliyofunguliwa mara tatu ikaendelea kulia, mbovu ni fundi.

Nimemsomea baba barua. Akasema Majidi alifanya sawa.

"Na akifukuzwa?"

"Atafukuzwa akiwa na adabu yake. Mtu mzima huwezi kumwambia anaogopa, Zamzam. Wewe ndiyo kabisa, unakula kwa mjomba wake."

Jumamosi, 13 Septemba

Duka limejaa. Nimetoa beringi zisizo saizi yake mara mbili.

Jumapili, 14 Septemba

Najiuliza Urvish anatafuta nini kule. Hahitaji chakula, hahitaji jina. Anakaa kwenye kiti kimoja na mtu anayejua kuliko yeye, kwa hiari yake, na anafunga kamera garini. Mtu wa namna hiyo si anataka kujua? Au anataka kanda ya kuwaonyesha wajomba tu? Mimi ningetaka kujua. Lakini mimi sijapinduka.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimempa. Mkononi, kaunta, saa nne asubuhi. Karatasi moja: mizunguko yake upande huu, ya mwenzake upande ule, sekunde za kona ile. Neno woga sikuliandika. Chini niliandika: "Giaboksi ni moja kwenu wote wawili. Majidi alikusitiri. Mimi nimeona kusitiriwa huku kunawaumiza nyote." Nikatia jina langu lote.

Aliisoma amesimama.

"Nani kakutuma? Majidi?"

"Hajui."

"Baba yako?"

"Alinikataza."

Akapanda juu na karatasi. Mzee Devendra akaniuliza nimempa nini mgeni wake. Nikamweleza yote. Akavua miwani. "Wewe binti..."

Saa kumi Urvish alishuka, macho kwenye sakafu. Akasema nije kesho saa mbili, kabla duka halijafunguliwa. Nije na baba.

Nimemweleza baba aliporudi.

"Umemwambia mwenye gari mguu wake?"

"Nimemwambia."

Sikujitetea. Kisha baba akaomba mkaa wa pasi. Sasa yuko uani, anapiga pasi shati lake jeupe la kesho, kola mara ya tatu.