Tangazo la Chanjo ya Mbuzi Katangi

Machakos mjini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na mvua huko Kwale imewakumbuka? Mimi ni mzima, ila wiki hii nilikaribia kupoteza kazi. Kwenye simu ungesikia sauti yangu ukaogopa, ndiyo maana naandika.

Upande wa Katangi mbuzi wamekuwa wakifa kwa homa ya mapafu, ikapangwa siku ya chanjo katika uwanja wa soko. Redio yetu ikaombwa tangazo, na meneja, Bwana Musyoka, akaniachia mimi. Nikawaza, sauti za watangazaji watu wameshazizoea. Afadhali wenye mifugo waitane wenyewe. Nikamwalika Mama Ndunge, mkulima anayeheshimika sana kanisani kwao, na Abdi, Msomali anayeuza mifugo sokoni. Sikujua kwamba watu wanasema ugonjwa uliletwa na mifugo ya Abdi.

Mama Ndunge alipoingia studio na kumkuta Abdi ameketi mbele ya maikrofoni, aliweka karatasi yake mezani.

"Mimi siwezi ongea na huyu mtu. Mbuzi zangu karibu zote zimeisha juu yake."

Tangazo lilitakiwa hewani kabla ya habari za mchana.

"Mwaitu," Abdi akasema, jinsi Wakamba wanavyomwita mama, "hata zangu zilikufa. Nilizichoma mwenyewe."

"Na mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angenunua kwangu tena?"

"Ungesema, zangu ningezifungia nyumbani!" Sauti ikamkatika, akalia.

Abdi akainamisha kichwa. "Ni kweli. Ningesema."

Hapo ndipo nikaona taa nyekundu inawaka. Mitambo ilikuwa ikirekodi tangu mwanzo. Musyoka, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya kioo, akaingia mbio.

"Hii ndio tangazo! Weka hivyo hivyo."

Nikamwambia siwezi bila ruhusa yao. Akanijibu kwamba kama siwezi, yuko atakayeweza. Hata hivyo, mama, niliwawekea rekodi ile wenyewe kwanza wasikie.

"Watanifukuza soko," Abdi akasema. "Lakini bila chanjo zitaisha zote. Weka tu."

Mama Ndunge aliomba nikate pale alipolia. Nikakata, tangazo likaenda hewani kabla ya habari.

Siku yenyewe nilikwenda Katangi. Uwanja ulikuwa mtupu. Watu walisimama ng'ambo ya barabara na mbuzi wao, wakitazama. Abdi alikuwa peke yake mbele ya daktari wa mifugo, na mbuzi aliobaki nao. Niliogopa wangempiga.

Kisha Mama Ndunge akavuka, akiwavuta mbuzi wake waliobaki. Hakumsalimu Abdi. Alisimama nyuma yake, mbali kidogo. Mbuzi mmoja akagoma kwenda, Abdi akageuka kumshika.

"Si pembe!" Mama Ndunge akafoka. "Shika miguu."

Akashika miguu. Wengine nao wakaanza kuvuka, mmoja mmoja.

Kazi bado ninayo, ingawa Musyoka hanisemeshi tangu nilipokata kile kilio. Nisalimie baba, na shangazi Saumu anayeniombea kila Ijumaa. Mdogo wangu Mwanakombo mbusu. Na kaka Juma mwambie, akisikia chanjo imefika kwetu, awapeleke mbuzi mapema. Asisimame ng'ambo ya barabara akingoja nani atangulie.

Nakukumbuka sana, mama.

Binti yako,
Mwanasha