Jumapili Waya wa Baharini Ulipokatika

Ikoma, Serengeti
14 Septemba 2025

Mdogo wangu Gati,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, na marahaba naiandika nikiwa nimeketi barazani kwa mwanetu Method. Natumaini goti lililokuzuia kusafiri mwaka jana limepata nguvu, na kwamba shemeji na wajukuu huko Sengerema wanaamka salama. Sisi hatujambo. Nyonga yangu inauma asubuhi na kutulia mchana. Tembo waliingia kwenye mtama wa jirani wakaubakiza mabua. Method bado anapika kwenye hoteli ya watalii karibu na geti la hifadhi, na mkewe Jesca anasema wewe shangazi yao uliahidi dagaa, basi yeye bado anatazama barabarani.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu masikio yako hayapatani tena na simu, na jambo lenyewe sitaki lipite kwenye simu ya binti yako Theodosia kabla ya kukufikia wewe. Yeye ndiye aliyenieleza kuwa Desemba unakwenda Gorong'a kwa ndugu yetu Werema, na kwamba umeshaagiza msalaba wa kuweka kwenye kaburi la mama. Kabla hujaupakia kwenye basi, kuna habari ambayo ni haki yako kuijua.

Univumilie nianzie mbali. Unakumbuka kazi yangu kwenye mitambo ya simu pale Posta, Tarime. Mtu aliyetaka kuzungumza na Dar es Salaam alijiandikisha asubuhi akakaa kwenye benchi, nami nikachomeka waya, nikaita Musoma, Musoma wakaita Mwanza, na Mwanza wakaendelea mbele. Tulifundishwa kwamba opereta haweki kisikilizio chini mpaka upande wa pili uitike. Baadaye zikaja simu za mkononi, watu wakawa wanapanda vichuguu kutafuta mtandao. Ikaja intaneti mjini, katika chumba kimoja chenye kompyuta chache, ukurasa ukifunguka wakati chai umeshaimaliza. Mwaka 2009 nilisoma gazetini kwamba waya uliopita chini ya bahari umefika Dar es Salaam, na kwamba mkongo wa Taifa utachimbiwa ardhini hadi mikoani. Wakati huo sisi tulikuwa tumeshahamishwa kutoka Nyakunguru kupisha mgodi, Werema akaenda Gorong'a, mimi nikaja huku ugenini ambako naitwa mgeni hadi leo. Niliikata habari ile nikaiweka ndani ya Biblia. Niliamini waya huo utatukutanisha tena.

Ulitukutanisha kweli. Simon, mtoto wa Werema, alifungua kundi la ukoo kwenye WhatsApp. Ilipokuja taarifa kwamba eneo letu la zamani, makaburi yakiwamo, litamwagiwa mawe ya mgodi, na kila ukoo uwahamishe watu wake, kikao kilifanyika humo humo. Werema alisema baba azikwe upya kwake, kwa kuwa yeye ndiye mwenye boma na ng'ombe. Veronika, binti wa baba mdogo, alimjibu kwamba mzee akiwa hai hawakuweza kukaa pamoja kutwa nzima bila kugombana, sasa anataka wakae pamoja milele. Simon akawaomba wapunguze maneno, maana humo kuna wakwe wanasoma. Werema akamwuliza tangu lini mura, kijana wa juzi, anawafundisha wazee kunyamaza. Tulicheka sana, kila mtu kwake.

Kisha Simon akauliza kama kuna kaburi jingine zaidi ya la baba. La baba lilikuwa na saruji, kila mtu alilijua. La mama lilikuwa nyuma ya nyumba yake, na alama yake ni jiwe moja tu. Werema ni wa mama mwingine, hakukulia ua ule, na wewe ulikuwa unabebwa mgongoni. Aliyebaki akipajua mahali pale ni mimi peke yangu. Wote walijua wa kujibu ni mimi, na mimi nilijua. Lakini kwetu mkubwa husema mwisho, kwa hiyo niliwaacha wamalize.

Walimaliza Jumamosi. Jumapili ile ya tarehe 12 Mei mwaka jana, tulipotoka kanisani, nilirekodi sauti yangu. Nilieleza pale lilipokuwa jiwe la kusagia lililovunjika, upande wa kijito, na jiwe jeupe lililolala. Nikasema mama naye ahamishwe, alale karibu na baba. Nikabonyeza, nikaitia simu mfukoni.

Sauti haikutoka. Mwalimu Lusekelo, kijana wa Rungwe anayefundisha kompyuta sekondari ya hapa, ndiye aliyenieleza baadaye kwamba siku ile nyaya zilikuwa zimekatika chini ya bahari, mbali huko kuelekea Afrika Kusini, na nchi kadhaa zilikosa mtandao pamoja nasi. Alinionyesha alama ndogo ya saa inayokaa kando ya ujumbe ambao haujaondoka. Mimi sikuiangalia. Niliona hakuna anayejibu na sikushangaa, kwa sababu mkubwa akishasema, hakuna anayeongeza neno. Wao nao hawakusikia chochote kutoka kwangu, na mkubwa akinyamaza mwishoni, maana yake amebariki yaliyokwisha kusemwa. Simu za kawaida zilikuwa zinapiga. Hakuna aliyepiga, hata mimi.

Lusekelo ana matumaini. Anasema nyaya zitaongezwa, moja ikikatika mawasiliano yapite kwenye nyingine, na mkongo utafika kila kata, mtoto wa Gorong'a asome somo moja na mtoto wa Dodoma kwa saa ile ile. Na pale pasipofika waya, kutakuwa na setilaiti. Ninamwamini. Aliniuliza kama sifurahi, nikamwambia nafurahi, kisha nikaona ananitazama usoni muda mrefu.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Werema alipeleka mgodini jina moja tu, la baba, siku ya Jumatatu, na Jumanne wakamfukua baba. Mimi nilifika Gorong'a Jumamosi kwa mazishi, nikakuta majeneza mawili madogo sebuleni, nikamshukuru Mungu kwamba nimesikilizwa. Werema akanivuta nyuma ya jiko. Aliniambia sauti yangu iliwafikia Jumatano, eneo lilipokuwa limeshakabidhiwa na magari yameanza kumwaga mawe. Aliwasihi walinzi, wakamrudisha. Basi alizoa udongo kwenye mtaro wa barabara, nje ya uzio, akautia katika jeneza la pili, ili watoto wapate mahali pa kusimama wakimkumbuka bibi yao. Alilia. Nilimwambia ajifute, watu wanasubiri.

Walinipa nafasi ya kusema mwisho. Nikayabariki yote mawili. Kisha nikala ugali, nikauliza kama mvua imewatosha, nikalala vizuri. Tangu siku hiyo najingojea nihisi kitu, na ninaishi tu.

Kwa hiyo, Gati, kaburi la Gorong'a lenye jina la mama halina mtu. Usimlaumu Werema, na tafadhali usiwaambie watoto. Lakini wewe ni wa tumbo lile, sikuweza kukuacha upige magoti mbele ya udongo wa mtaro.

Ukija Desemba, pitia huku kwanza, twende wote Nyakunguru. Hawataturuhusu kuingia, ila kilima cha mawe kinaonekana vizuri kutoka barabarani. Mama yuko chini yake, upande wa kushoto, pale kinapoanza kuinuka. Nitakuonyesha kwa kidole. Macho yangu yanapungua, na nikiondoka mimi hakuna mwingine atakayejua pa kutazama.

Nisalimie shemeji na nyumba nzima, mkubwa kwa mdogo. Method na Jesca wanakuamkia. Mungu akulindie goti lako na safari yako.

Ni mimi kaka yako,
Mwikwabe