Ng'ombe wa Poni

Baba,

Poni ameshinda. Najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula, kwa hivyo nimeanza nalo. Nyumba yako ya mtaa wa Gudele ni yetu sisi wawili, na kaburi lako liko pale pale uani.

Sasa nisikize mimi, leo tu.

Uliponishika mkono hospitalini nilidhani utaniachia neno langu mwenyewe. Ukasema, "Mtetee dada yako." Dada! Wa mama mwingine, uliyemlea hapa Juba mikononi mwako, huku mimi nakulia Eldoret na mama, mkeo wa ndoa, nakusikia kwenye simu, nakuona likizo moja moja tu. Nilimwonea wivu, Baba, nawe unakata roho. Mungu anisamehe, bado ninao.

Hata matanga hayajaisha, mdogo wako amu Wani akampeleka Poni kortini. Eti hukumuoa mama yake wala hukuwatolea wajomba ng'ombe wa kumchukua mtoto, kwa hivyo kwa mila si wako, atoke. Mimi akanivuta pembeni: "Wewe nyamaza tu. Nyumba yote yako, mimi niachie pale mbele nijenge duka."

Nikavaa joho langu la uwakili nikamtetea, kwa sababu ulinituma. Lakini wazee walioshuhudia ng'ombe wale wakitolewa wamekufa, wengine vita viliwatawanya. Poni alikuwa mdogo, hakumbuki kitu. Waliobaki ni amu, anayekana mchana kweupe, na mimi.

Na wakili hawezi kutetea na kutoa ushahidi katika kesi moja. Ningekaa kimya, nani angenilaumu? Nikawa namtazama Poni akinimiminia chai, "Kunywa, dada, mimi iko sawa," na macho yamemvimba. Hata Kiswahili chake kiliniudhi, maana kilikuwa kinakuchekesha wewe, changu hapana.

Nikavua joho. Kesi nikampa mwenzangu, nikasimama kizimbani kama shahidi.

Nikaeleza kila kitu. Kwamba nilikuja likizo, tukawaswaga ng'ombe hadi kwa wajomba zake Poni, wakamnyunyizia maji ya baraka wakakukabidhi, na amu akala nyama mpaka akalegeza mkanda. Watu wakacheka, amu akainama. Halafu jaji akauliza: baada ya hapo, mtoto alirudi na nani?

Yalaa, Baba. Ikabidi niseme mbele za watu kwamba ulimbeba mabegani njia nzima, kwenye tope, huku unaimba, wewe usiyeimba hata kanisani. Na mimi nyuma, nimekubebea viatu. Sauti ikanikatika. Wote wakadhani nakulilia wewe.

Jaji aliniamini kwa sababu nusu ya nyumba ilikuwa inanitoka na bado nilisema. Poni akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Nikasimama tu, mikono imening'inia.

Yeye ulimwendea na ng'ombe, Baba. Mimi nilizaliwa wako tayari, na hakuna siku uliyokuja kunichukua.

Pumzika. Nitakaa naye, na amu hatamgusa nikiwa hai, hilo nakuahidi. Ila kumpenda usinihimize, nitafika taratibu.

Kila asubuhi naamka nakuta ameshafagia kaburi lako. Kesho naamka kabla yake. Kesho nakufagilia mimi.

Rebeka