Lori la Mikate Limekuwa Nyumba, Shangazi

Shangazi yangu,

Assalamu alaykum. Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani, miguu juu, chai ya tangawizi pembeni, na kitanda chenyewe kimo ndani ya lori. Lile lile. Limekwisha. Nilitaka wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa, lakini kila nilipoandika "Shangazi" kalamu ilisimama papo hapo, nikaikunja karatasi nikaenda kuosha vyombo ambavyo ni visafi.

Leo nimeweza. Nisikilize.

Siku niliyokuja kukwambia nimenunua lori ulikuwa umekaa ukumbini, kule juu kwetu Kuze, umenyoosha magoti yako mabovu juu ya mto, unatia vifungo kanzu ya mtu. Nilikueleza yote kwa mkupuo mmoja, maana niliogopa nikivuta pumzi utanikatiza. Kwamba kiwanda kimoja cha mikate kinauza magari yake yaliyochoka. Kwamba hili lina sanduku zima la bati nyuma, refu kuliko chumba changu. Kwamba nataka kuligeuza nyumba, nilale humo, nipike humo, na nifanye humo kazi yangu ya kutengeneza cherehani, nizifuate huko ziliko badala ya kina mama wa Msambweni na Voi kuzipakia juu ya mabasi kuniletea. Na kwamba nimechoka kulala kwenye vyumba vya wageni ambavyo milango yake haifungi.

Ulikata uzi kwa meno. Ukauliza swali moja tu: "Na utatawadhia wapi?"

Sikuwa nimefikiria. Nilikuwa nimewaza betri, mtungi wa gesi na godoro. Ukarudi kwenye kifungo chako, na mimi nikajua kwamba umekubali, kwa sababu mtu hamuulizi mwenzake atatawadhia wapi katika nyumba ambayo hataki aijenge.

Wewe ndiwe uliyenitia katika kazi hii. Niliporudi kwako baada ya talaka, na sanduku moja na macho yamevimba, hukuniuliza kilichotokea. Uliniwekea sahani. Baadaye, uliponiona nashinda nimejilaza, ulinipa bisibisi ukasema cherehani yako imekwama. Nikaifungua yote juu ya meza nisiweze kuirudisha, ukacheka mpaka ukashika mbavu, ukanionyesha kipande kimoja kimoja. Kutoka siku ile sijawahi kumuomba mtu chakula. Ahsante kwa bisibisi ile, Shangazi.

Kaka Fuad alikuja Ijumaa baada ya sala. Wamjua kakangu, akiwa na neno zito hukohoa kwanza. Alisema mengi, na si yote yalikuwa mabaya: aliogopa wezi, aliogopa ajali, aliogopa niugue njiani nisijulikane nilipo. Lakini kubwa lilikuwa watu. Watu watasema nini, mwanamke aliyeachwa kulala garini, leo huku kesho kule, na yeye kama kakangu atauweka wapi uso wake. Mimi nilikuwa naangalia mkeka. Wewe ulimwacha akamaliza yote, ukammiminia kahawa, ukangoja ainywe.

"Mwate ende, Fuad," ukamwambia, aniache niende zangu. "Wewe wamuona akipita. Mimi namuona akifanya kazi."

Aliondoka bila kunitazama, na kwa muda mrefu hakuja tena. Nilidhani nimempoteza kaka.

Gari haliingii katika vichochoro vyetu, ndiyo maana lori likakaa Makadara, kwenye kiwanja cha Fundi Mutua, yule Mkamba anayechomelea mageti. Sikutegemea kwamba utakuja. Ngazi za nyumbani zenyewe zilikuwa zinakutesa. Lakini baada ya alasiri nikasikia fimbo yako, nikatoa kichwa, nikakuona na buibui lako na chupa ya chai, unasalimia kila muuza duka njiani kana kwamba unakwenda harusini. Mutua alikuona unavyohema kupanda nyuma ya lori. Kesho yake tulikuta ngazi fupi ya chuma, vidato vyake vya chini chini, amekwisha kuichomelea bila kuombwa. Ulimwombea dua ndefu mpaka chai yake ikapoa. Alisimama na kofia mkononi muda wote, akasema "Amina, Mama," na tangu hapo hakukuita jina jingine.

Ndani kulikuwa kunanuka mikate bado. Ulisema nitanenepa kwa harufu tu. Ukapima kwa macho ukasema mna nafasi kuliko chumba ulichoingia ulipoolewa. Kisha ukaniuliza dirisha liko wapi, nikakwambia sitii dirisha, kwa sababu ya wezi, taa itatosha. Ukatazama zile kuta za bati pande zote.

"Kaburini tutaingia sote, mwanangu. Haraka ya nini?"

Mutua alicheka mpaka akaketi chini. Jioni ile ile alikata dirisha, upande wa kitanda. Lile pande la bati lilipoanguka nje, mwanga uliingia wote kwa mara moja, nikaona vumbi, nikaona kutu, nikaona sura yako. Ulitoa kichwa ukamsalimia dereva wa tuktuk aliyekuwa anapita. Naye akakujibu kwa adabu zote, kama mtu aliyezoea kuona vikongwe wakichungulia kwenye malori.

Mahali pa udhu ulipachagua mwenyewe: karibu na mlango wa nyuma, bomba liwe chini, na kiti kifupi kilichofungwa ukutani, maji yashuke kwa mpira mpaka kwenye dumu. Tangi halikuwepo bado. Ulitaka kujaribu hivyo hivyo, ukapandisha mikono ya nguo, na mimi nikawa nakumiminia kwa kopo. Ulitawadha taratibu, mpaka miguu, ukasema panafaa. Ukasali magharibi humo, juu ya plaiwudi tupu, nami nyuma yako.

Kisha kifua kikakubana, tukakupeleka hospitali, hukurudi. Nisiandike sana hapo. Wanawake wa mtaa walikuja kukuosha na kukushonea sanda, nami nikawa mmoja wao. Wanaume walikubeba, nikasikia sauti zao zikishuka kichochoroni, zikapinda kona, zikaisha. Halafu nyumba yote ikawa na watu na haina mtu.

Wenye nyumba si watu wabaya. Walingoja arobaini ipite ndipo wakaja, wakakaa kwenye ncha ya kiti, wakaeleza kwamba kijana wao anaoa na anavitaka vyumba. Fuad alikuwepo. Alisema mbele yao kwamba nitahamia kwake Bondeni, nitalala na binti zake. Alisema kwa wema, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Sikuwa na nguvu za kitu kingine. Lori lilikuwa limesimama Makadara na dirisha lake limezibwa kwa turubali, na nilikuwa sijalikaribia tangu uondoke. Nikamwambia Mutua alitafutie mnunuzi.

Mnunuzi akapatikana, mtu wa kusafirisha kuku kutoka bara. Alizunguka, akapiga matairi teke, akaingia ndani. Nilisimama nje namsikia anavyopigapiga kuta. Akatoka akasema gari analipenda, ila atalifungua lile bomba alitupe, na dirisha ataliziba kwa bati, kwa sababu kuku hawana haja ya kuangalia njia.

Sijui nikuelezeje, Shangazi. Mtu hakunitukana. Alisema jambo la maana kabisa kwa kazi yake. Lakini nilihisi kama nimepigwa kofi la kuamshwa. Nikamwambia haliuzwi tena. Akamgeukia Mutua, Mutua akainua mabega, akasema, "Mwenyewe amesema." Tukampa chai, akaenda zake. Nikaondoa turubali, nikaingia, nikakaa kwenye kile kiti kifupi, nikalia kilio ambacho sikukilia matangani.

Nilianza kazi siku ya pili. Na mvua nayo ikaanza. Maji yalipenya pembeni mwa dirisha, yakateremka ukutani mpaka kwenye mbao mpya za kitanda, nami niko juu ya stuli na gundi ya kuzibia, naziba hapa panavuja pale. Hapo ndipo Fuad alipofika. Alikuwa amesikia kwamba nimekataa kuuza, na nilijua amekuja kugomba. Alisimama mlangoni, amelowa. Akatazama dirisha, akanitazama mimi, akatazama dari.

"Joto litakuua humu," akasema.

Mara nikaona anavua viatu. Akanipokonya ile gundi, akapanda juu ya stuli, akanionyesha kwamba naanza chini ilhali maji yanaanzia juu. Tulifanya kazi mpaka mvua ikakatika. Kesho yake alikuja na zile mbao nyeupe nyepesi za povu gumu, za kuzuia joto; wajua kazi yake ni kutengeneza friji, na karakana yake imejaa friji zilizokufa. Aliendelea kuzikusanya siku kadhaa, akazipanga ukutani na darini moja moja, kisha tukazifunika kwa plaiwudi. Ukigusa ukuta saa saba mchana sasa, una ubaridi wa kiasi.

Tulipokuwa tunapigilia plaiwudi ya mwisho aliniambia kwamba ulimwita peke yake hospitali. Sikujua. Alikuwa ameshika misumari mdomoni, akaitoa ndipo aweze kusema. Anasema ulimshika mkono ukamwambia: "Salma hataki kuhifadhiwa. Yuwataka mlango wake mwenyewe. Msaidie autie."

Akarudisha misumari mdomoni. Mimi nikashika ubao, kwa sababu ilibidi mtu aushike.

Kwa hiyo wajua sasa kwa nini nakuandikia. Nilidhani umeniachia nusu ya kazi. Kumbe uliniachia na kaka.

Acha nikutembeze. Ukipanda kwa ngazi ya Mutua, bomba la udhu liko kushoto, na maji yanatoka, tangi liko juu na paneli ya sola iko kando yake. Choo ni cha ndoo, kina pazia na mfuniko mzuri. Usikunje uso, nimekizoea. Jiko la gesi lina vichomeo viwili. Cherehani yako ya miguu nimeifunga sakafuni kwa bolti ili isisafiri peke yake, na meza ya kazi inakunjwa ukutani. Mapazia ni leso zako za kujitanda, zile za rangi ya zambarau. Harufu ya mikate imekwisha, nasikitika kidogo.

Safari ya kwanza nilikwenda Msambweni. Nilipanda feri ya Likoni na lori lote lile, nimeushika usukani kama nimeshika mtoto wa watu, nikasoma kila sura ninayoijua. Kina mama walikuwa wananingoja na cherehani zao wamezipanga nje ya duka la vitambaa. Mmoja wao, bibi wa makamo yako, aliniuliza nimefikia kwa nani. Nikamwambia nimefikia hapa. Alizunguka lori lote, akaomba kuingia. Adhana ya alasiri ikatoka akiwa ndani. Nikamwonyesha bomba. Alikaa kwenye kile kiti, akafungulia maji, akatawadha bila kuinama wala kushikwa mkono, na alipomaliza akaniuliza nani aliyefikiria kupaweka hivi.

Nilimwambia ni shangazi yangu, Bi Zuhura wa Kuze. Akakuombea. Jina lako limeombewa Msambweni, na mtu ambaye hukumjua.

Jana Fuad alileta watu wake kuniaga, mkewe na binti zake na bakuli la mahamri. Tulijaa humu kama siku ya Idi. Yeye alisema atajinyoosha kidogo tu aone godoro kama limepangwa sawa. Alilala mpaka karibu na magharibi, anakoroma, na sote tukawa tunanong'ona ili tusimwamshe. Mkewe alisema hajamwona akilala vile tangu mazishi yako. Alipoamka aliona haya, akakohoa, akasema breki nizikague kabla ya kuondoka.

Nimezikagua. Zi salama.

Watu wananiuliza kama sijisikii mpweke. Mara nyingine naam, hasa nikipika wali ukawa mwingi. Lakini upweke huu si ule niliokuja nao kwako na sanduku langu. Huu nimeuchagua mahali pa kuuegesha. Alhamdulillahi.

Sasa nikuage, maana nataka kulipita daraja la Makupa kabla malori makubwa ya bandarini hayajaamka. Nakuahidi hivi, na sijamwambia mtu mwingine: kila Ijumaa asubuhi, popote nitakapokuwa, nitazima injini na nitakusomea Yasini kabla sijagusa cherehani ya mtu. Na mwanamke yeyote atakayekuja na macho yamevimba, sitamuuliza kilichotokea mpaka ale.

Mungu akupanulie makazi yako, akutie na nuru. Nimekushukuru hapa duniani, na nikijaaliwa kukuona, nitakushukuru tena.

Wewe pumzika, Shangazi. Mimi naenda Voi.

Mwanao,
Salma