Mjomba Asiyehesabiwa

Yusuf ni mgonjwa wa akili, abaayo, ndugu yangu. Nimeliandika hilo kwanza kabla mkono haujakataa. Sasa assalamu alaykum, mdogo wangu Halima. Mvua imewafikia hapo Modogashe? Ngamia wana maziwa? Sisi huku Nairobi tupo, alhamdulillahi.

Usilie. Bado ni mwanangu Yusuf, yule aliyeongoza mtihani Garissa nzima mpaka walimu wakaja nyumbani kunywa chai. Hata wodini anawasahihisha manesi Kiingereza. Lakini tangu Ramadhani alikuwa anafunika redio kwa shuka, ati inamtaja jina.

Daktari akaniuliza kama kuna mwingine katika ukoo. Nikamsomea abtirsi, mababu wote wa mume wangu, baba hadi baba, mpaka kalamu yake ikachoka. Wote wazima, nikajisifu. Akacheka.

"Mama, hao ni wa upande wa baba. Upande wako je?"

Neno lenyewe abtirsi lina abti ndani yake, mjomba, na mjomba ndiye hatumhesabu. Nikamwona abti Dubow, kaka yake hooyo, mama yetu, amefungwa kamba nyuma ya boma, anagombana na kisima. Sisi tukasema jini.

Daktari anasema ugonjwa huu unaweza kupita katika damu, ya baba au ya mama. Si hukumu, wengi wana damu hiyo na hawaugui kamwe. Ila kijana wa ukoo akianza kubadilika, aletwe mapema, na miraa iwe mbali naye.

Nikarudi nyumbani, nikasikiliza tena ile sauti uliyonitumia kwa simu: "Huyu binti yangu Nasra ana vituko. Ameacha shule, na simu yangu anaifunika kwa buibui, ati inamsema." Siku ile tulicheka wote wawili.

Asomewe Kurani, dua haikatazwi. Kamba, hapana. Mwambie Nasra kwamba mimi mama yake mkubwa nimemnunulia dirac, gauni la hariri, hakuna msichana Modogashe aliye nalo, aje alijaribu mwenyewe.

Nisalimie mumeo. Na hooyo msalimie kwa upole, kisha umuulize kama abti Dubow alikuwa peke yake kuugua hivyo kwao. Akinyamaza, mlete pia, daktari amuulize.

Ni mimi dada yako Khadija, mama yake Yusuf. Nawangoja Jumatatu baada ya Idi kubwa, nyote, na Nasra akae katikati yenu garini, si dirishani.