Mikono ya Watoto Wawili

Kwa Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Viatu ulivyonitumia vimenienea, ingawa cha kulia kinanibana kidogo. Darasa langu la chekechea lina watoto ishirini na mmoja, na wote wameshanizoea.

Sina budi kukuarifu kwamba leo mwalimu mkuu, rafiki yako uliyemwomba anipe kazi, ameniita ofisini. Alitaka nitie saini fomu ya kumwondoa shuleni binti mmoja mwenye usonji, kwa sababu hupigapiga mikono hewani kama anayeikung'uta maji.

Nilimweleza kwa adabu kwamba mikono ile humtuliza kelele zinapomzidi, na kwamba hata watoto wasio na usonji hufanya hivyo. Nikamtajia mjukuu wake, anayepunga mikono kila aonapo mpira.

"Mjukuu wangu ana furaha tu."

"Na huyu mwenzake ana nini, Mwalimu?"

"Usinifundishe kazi. Juzi tu umevua joho." Akanisogezea kalamu. "Usiposaini, kesho usije."

Sikuigusa.

Mjomba, natambua kwamba ulinidhamini kwa jina lako. Hata hivyo, nakusihi usimpigie simu kuniombea radhi, maana sijakosa. Kesho saa moja asubuhi nitasimama mlangoni pa darasa, nimpokee binti yule pamoja na mikono yake. Akitaka kunifukuza, anifukuze mbele ya wazazi, na sababu nitawaeleza mimi mwenyewe.

Mtiifu wako, isipokuwa katika hili,
Mpwa wako